Kabla Hajainua Mkono

Mama mwenzangu uliye na binti kwenye jimnastiki, haya nayaandika kwa ajili yako. Usingoje yakukute. Sisemi umtoe mtoto, mwache aruke. Ila chunga sana anapotabasamu.

Binti yangu Itzel alianza kupinduka akiwa na miaka minne, kwenye ukumbi mmoja hapa kwetu kusini mwa San Antonio. Kufika miaka kumi na tano alikuwa kwenye kikosi cha taifa. Watu walimwona kwenye televisheni, padre akamtaja kanisani, baba yake Fermín akawa anatembea kama jogoo. Yaliyokuwa nyuma ya pazia hawakuyaona. Kocha wake wa wakati huo, Bi Ludmila, alikuwa na sheria yake: anayeumia atabasamu. Msichana akisema "inauma", anaondolewa kwenye zoezi, anakalishwa ukutani wenzake wanampita. Basi wakajifunza. Kifundo kimevimba, anatabasamu. Viganja vimechunika kwenye vyuma, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Mfupa wa mgongo wa Itzel ukapata ufa, akashindana nao mara mbili ndipo tukajua. Daktari alituambia wazi: ukifunguka tena, huyu atainama kama bibi kizee kabla hajaolewa. Michezo mikubwa ya dunia ikampita akiwa amefungwa mkanda mgumu kiunoni.

Alipopona, chuo kikuu kimoja cha Nebraska kikamchukua aichezee timu yao. Kule mambo ni mengine. Wasichana wanapiga kelele, wanacheza muziki, wanakula. Wiki ya kwanza akanipigia simu.

"Mama, leo kocha kaniuliza nimekula nini."

Nikashtuka, maana Bi Ludmila akiuliza hivyo ni ili awapunguzie chakula. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tufaha. Akasema, tufaha na nini? Akanipeleka kantini yeye mwenyewe."

Nilicheka, lakini moyo haukutulia. Tabia aliyokua nayo mtoto haitoki kwa sahani moja ya viazi.

Mwezi wa tatu, Jumapili mchana, tukaenda kumwona kwenye mashindano. Fermín aliendesha gari tangu jana yake, boksi la tamale, ile mikate yetu ya mahindi na nyama, kwenye kiti cha nyuma. Ukumbi ulijaa pomoni. Timu yetu ilikuwa inaongoza, na sasa ilikuwa zamu ya boriti, ule mti mwembamba usiozidi upana wa kiganja. Itzel alipangwa wa sita, wa mwisho, mahali anapowekwa yule anayetegemewa.

Nikamwona anapaka chaki mikononi. Anatabasamu.

"Fermín," nikamshika mkono. "Mtoto anaumwa."

"Anaumwa nini? Si huyo anacheka."

"Ndiyo nakwambia. Anacheka!"

"Wewe mwanamke! Akinuna unalia, akicheka unalia. Kula tamale."

Nikamtazama vizuri. Alipotaka kufunga bandeji ya kifundo hakuinama. Alichuchumaa wima, kama aliyebeba ndoo kichwani. Nikashuka ngazi mbio. Chini kwenye kizuizi alikuwapo mzee wa usalama, kibandiko cha jina kifuani: Verlyn.

"Mama, rudi kwenye kiti."

"Mtoto wangu yuko pale, mgongo unamuuma."

"Kakwambia?"

"Hapana, kaficha."

"Sasa umejuaje?"

"Anatabasamu!"

Akanitazama kama nimemwambia mvua inanyesha kwenda juu. "Mama, hapa wote tunatabasamu. Tunashinda."

Nikapaza sauti. "Itzel! Usipande!" Kelele za ukumbi zikaimeza. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akageuka: "Mwache mtoto, dada! Unamtia kiwewe!"

Msichana wa tano akashuka. Itzel akaja akasimama mbele ya boriti. Kuna desturi pale: mchezaji huinua mkono kuwasalimu waamuzi, na akishauinua, zoezi limeanza, ni lake. Kabla hajainua, mwenzake wa akiba anaweza kuingia badala yake. Lakini kwa Bi Ludmila hapakuwa na msichana aliyewahi kufika hapo asiinue.

Taa ya kijani ikawaka. Mkono wa Itzel ungali pajani. Mimi nimeng'ang'ania chuma cha kizuizi, nasali Salamu Maria naruka maneno.

Mkono haukupanda. Tabasamu likamtoka usoni, akageuka, akamwendea kocha wake, Bi Wiebe. Sikusikia kitu, ila midomo niliisoma, maana neno lile nilikuwa sijaliona mdomoni mwake tangu utotoni.

"Inauma."

Nikangoja kocha amgeuzie mgongo. Kocha akamshika mabega, akamuuliza ni wapi, kisha akaita, "Tess! Vua koti!" Yule wa akiba akarusha koti hewani, akambusu Itzel kichwani, akaenda kuinua mkono wake. Aliyumba mara mbili, hakuanguka. Na kumbe hata angeanguka! Kule kati ya sita, alama za aliyefanya vibaya kuliko wote hutupwa. Ukumbi ukashangilia kama harusini.

Verlyn akafungua kizuizi. "Pita, mama. Kesho nakuja unitabirie hali ya hewa."

Nikamkuta kalala kifudifudi kwenye meza ya daktari wa timu, barafu mgongoni.

"Mama, kuna mwanamke alikuwa anapiga mayowe kama anaibiwa. Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Maneno sikuyasikia. Nikasema, maskini, naye ana shida zake."

Nikacheka huku nalia. Kumbe hakuacha kwa ajili yangu. Kaacha mwenyewe.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu Jumatano. Niliogopa watanichukia."

"Wamekuchukia?"

"Tess kasema nimwachie nafasi nyingine siku nyingine, ile ya leo kaiharibu kwa woga." Akaanza kulia, kulia kwa sauti, kama mtoto aliyejikwaa. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kesho yake wakampiga picha. Mfupa haujafunguka. Pale kwenye ufa wa zamani pamevimba, apumzike mpaka kiangazi. Daktari akasema ule mruko wa kushuka kwenye boriti ungetosha kuumaliza. Fermín akatoka nje, eti anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Basi mama mwenzangu, usimsifu binti yako kwa kuvumilia. Wanaokuambia "huyu wako ni chuma" hawatakusaidia kumvisha mkanda. Muulize, na akijibu "sijambo" haraka mno, muulize tena. Mtafutie mahali ambapo akisema inauma hakuna anayegeuza uso. Mahali hapo papo, nimepaona.

Juzi kapiga simu. "Mama, leo kiuno kinauma, mguu unauma, na mwalimu wa hesabu ananiuma roho." Alilalamika mpaka maharage yakaniungulia jikoni, nami nimekaa tu, nasikiliza kama muziki.

"Na kichwa je?" nikamuuliza.

"Kichwa hakiumi."

"Una uhakika?"

"Mama!"