Waitikiaji: Andika Idadi

Saa kumi kasoro dakika tano, karani wa kanda za muziki alimaliza kufuta vumbi kwenye mashine, akamteremsha mtoto wake mgongoni na kumlaza ndani ya boksi la karatasi alilolitandikia shuka, kisha akaweka kanda ya bendi na kubonyeza. Kiitikio cha kwanza kilipofika, mama yake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, aliingia katika chumba cha kumbukumbu za redio, akavua ndala mlangoni, akaketi kwenye benchi.

Alikuwa amechelewa kidogo kwa sababu ya mlinzi wa getini.

"Leo kaniweka!" alisema. "Eti daftari la wageni limebadilishwa, lazima niandike na kazi. Nikamwambia andika mwimbaji. Akaniuliza mwimbaji gani, mbona jina langu hajawahi kulisikia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia basi andika bibi, baba, nakwenda kumwona mjukuu."

Ndivyo ilivyokuwa tangu kanda zilipoanza kukaguliwa. Wimbo wowote ambao mama aliuimba ukichezwa, mama alikuja. Ukiisha, alivaa ndala zake akaondoka. Mkuu wa kitengo hakuwa na shida naye, mradi asiguse vifaa wala asikalie kiti chenye magurudumu. Alikuwa mkali kwenye jambo moja tu, nalo ni fomu.

Fomu mpya ilikuwa na visanduku vinne. Mwimbaji: andika jina, mtu mmoja tu. Mghani: andika jina. Wanakwaya: andika jina la kwaya. Waitikiaji: andika idadi. Ikishajazwa, iliingizwa pamoja na kanda kwenye mashine mpya, na mashine ikausafisha wimbo. Ilibakiza ala na sauti ya mtu aliyetajwa kwa jina lake. Sauti nyingine zote ilizifuta, kwa maelezo kwamba zinajaza nafasi.

Mama alikuwa ameimba miaka thelathini na hapakuwa na kisanduku hata kimoja kilichomjua. Kwenye kwaya alikuwa sauti ya pili. Kwenye bendi ya dansi alikuwa mmoja wa waitikiaji watatu. Aliwahi hata kuimba bila maneno nyuma ya mghani wa mashairi, dakika kumi na mbili, na mghani akamshukuru fundi mitambo.

"Mbona majina yote haya, mama, na kazi ni moja?" karani aliuliza.

"Nani kakwambia ni moja? Ngomani kuna manju. Yeye anatunga papo hapo, sisi tunapokea. Tusipompokea anabaki kubwabwaja kama mtu aliyegombana na ukuta. Kwaya haina mwimbaji. Ukijitokeza sauti, mwalimu anakukata jicho mpaka unasahau na dhambi zako. Mghani naye haimbi, anaghani, ukimwita mwimbaji ananuna wiki nzima. Bendi ndiyo ina mwimbaji. Ni yule anayesimama mbele na kusahau maneno."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha."

Wakacheka wote wawili, na mtoto ndani ya boksi akacheka kwa kuwaona wanacheka.

Jumanne kanda za kwaya zilisafishwa, zikabaki na kinanda kitupu. Mama alipokuja kesho yake hakuwa na ndala. Jumatano ilikuwa zamu ya mghani. Alhamisi, mama alipoingia, hakuwa na kivuli; mtoto, aliyezoea kukikamata sakafuni, alipapasa mahali pake pa kawaida, akalia kidogo, kisha akarudisha kidole mdomoni. Jioni hiyo ilisafishwa kanda ya bendi. Ijumaa mama alikaa kwenye benchi na benchi halikulia.

Ilikuwa imebaki kanda moja, na ndiyo iliyokuwa ikicheza. Fundi mitambo aliwahi kuja nyumbani kwao kurekodi kwa ajili ya kipindi cha watoto, akamkuta mama kitandani anabembeleza mwanawe, akawasha mashine bila kumkatisha. Mtoto huyo ndiye karani. Hapakuwa na mtu mwingine kwenye kanda ile, si manju, si mwalimu wa kwaya, si mwanamume wa mbele. Karani alichukua kalamu akaandika kwenye kisanduku cha Mwimbaji majina ya mama yake yote matatu, kwa herufi kubwa.

Mkuu wa kitengo aliisoma fomu akiwa amesimama.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu. Ndiye huyo hapo."

Mkuu akageuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Za kazi?"

"Tunashukuru." Akamrudia karani. "Alikuwa na bendi yake?"

"Hapana, bosi."

"Alipanda jukwaani?"

"Alikuwa kitandani. Alikuwa ananilaza."

"Sasa dada, anayelaza mtoto ni mwimbaji? Huyo ni mama tu." Hakusema kwa ubaya. Yeye pia alibembelezwa, alisema, na hakuna aliyejaza fomu. Akachukua rula akalikata jina kwa mstari ulionyooka vizuri.

"Bosi, tafadhali. Hii ndiyo ya mwisho. Ikifutwa hatakuwa na pa kupitia."

"Getini atapita tu. Mlinzi nitaongea naye."

"Usigombane na kazi yako, mwanangu," mama alisema. "Nipe mtoto."

Akampakata mjukuu wake, akamwinamia sikioni. Mkuu alipokuwa anapasha mashine moto, mama aliimba wimbo wa bendi kutoka mwanzo hadi mwisho, upande wa waitikiaji tu, na kila ilipofika zamu ya mwanamume wa mbele alinyamaza akamwachia nafasi yake. Mashine ikazunguka. Mtoto alibaki amekaa juu ya hewa kwa muda mfupi, hadi karani alipomchukua.

Kanda ilipotoka ilikuwa na mlio wa kitanda na pumzi za mtoto aliyelala. Karani alisikiliza pumzi zake mwenyewe mpaka zilipoisha, akaandika: Mwimbaji, hakuna.

Jumatatu redio ilipiga wimbo wa bendi uliosafishwa. Mwanamume wa mbele aliuliza swali lake, na pale palipokuwa na jibu pakawa kimya. Barabarani fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedeli akasubiri. Kinyozi naye alisubiri, mkasi ukiwa juu.

Mgongoni kwa karani mtoto alitoa kidole mdomoni akaitikia. Aliitikia kwa sauti ya mwanamke mzima, sauti ya pili, bila kuchelewa. Kwenye ubeti wa tatu mwanamume wa mbele alisahau maneno. Mtoto akamkumbusha, naye akaendelea.

Mkuu alichungulia mlangoni.

"Nani huyo?"

"Mwanangu."

Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole kwa kuridhika. Kisha akavuta fomu mpya kutoka kwenye rafu akaiweka mezani. Karani aliandika jina la mwanamume wa mbele. Akashuka kwenye kisanduku cha mwisho, cha Waitikiaji, akaanza kuandika jina la mtoto, ambalo pia ndilo lililokuwa jina la bibi yake.

"Idadi tu, dada," mkuu alisema.

Karani alikata herufi ile ya kwanza, akaandika moja.