Mlango Aliosugua Selpha

Gari ya Mzee Phineas Walubengo ilikuwa Shevrole nyeusi, lakini huo weusi ulikuwa wa kuambiwa tu. Kwa macho ilikuwa kama uji wa wimbi uliolala. Tangu mke wake Selpha afariki, ilisimama tu chini ya mti wa bluugamu nyuma ya nyumba yake hapo lokesheni, mtaa wa Waafrika, na kuku walikuwa wameshahamia. Mmoja alikuwa anataga kwa kiti cha dereva. Ukimfukuza, anatoka kwa dirisha polepole, kama mtu ambaye amelipa kodi.

Sasa binti yake Rosebella alikuwa anaolewa Jumamosi, na Mzee alikuwa ameapa kumpeleka kanisani na hiyo gari, iking'aa kama siku ile kaburu mmoja mlowezi alimuuzia.

"Shemeji," akasema Elphas, ndugu ya marehemu Selpha, "tukipita na hii barabarani, watu watavua kofia. Watadhani tunapeleka maiti."

"Ndiyo maana nimeita fundi."

"Fundi au padri?"

Fundi mwenyewe alikuwa Paul Kipngetich, wa gereji ya Mhindi mmoja huko mjini. Gereji ilikuwa imeletewa masini ya umeme ya kupiga polishi, na Paul ndiye alikuwa anaishika. Alizunguka Shevrole mikono nyuma, akakwaruza rangi na ukucha, akanusa ukucha.

"Hii haijawahi kuona masini?"

"Haijawahi," akasema Mzee.

"Basi hatuendi mbio. Kwanza sabuni. Halafu parafini, tutoe hii ulimbo ya miti. Halafu najaribu mahali padogo, pale nyuma kwa buti, nione rangi imebaki kiasi gani. Ikikubali, ndiyo tunapiga yote. Kona zote ni mkono. Masini ikipita kwa kona inakula mpaka chuma."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, Mzee, mtafunika na maua."

Lokesheni haikuwa na umeme, na betri ya gari ilikuwa imekufa, kwa hivyo Elphas alikopa ng'ombe wawili wa kulima na kuifunga Shevrole nyuma yao. Walivuka mji mzima hivyo. Mzee alikaa kwa usukani na koti na tai, uso mgumu, na Elphas alitembea mbele na fimbo akiita, "Pii! Pii! Piga honi, shemeji, ng'ombe wanalala!" Wazungu waliokuwa kwa veranda ya hoteli walisimama na glasi zao. Mzee hakugeuza shingo.

Pale gereji Paul aliosha gari mara mbili, akaipangusa na parafini, akaisukuma kwa jua. Hapo ndipo kitu kilitokea. Upande wa kushoto wote, milango yote miwili, ulijaa duara. Mamia ya duara ndogo ndogo, moja juu ya nyingine, kama mtu alikuwa amefinyanga chungu juu ya rangi. Upande ule mwingine hakukuwa na kitu. Na hata huo wa kushoto, duara zilifika kimo cha bega la mwanamke mfupi, zikaishia hapo.

"Nani alisugua hii na majivu?" akauliza Paul.

Elphas aliangalia Mzee. Mzee aliangalia ndoo.

Lokesheni nzima ilikuwa inajua. Selpha alikuwa na sufuria zinazong'aa kuliko za mtu yeyote. Alikuwa anazisugua na majivu na gunzi la mahindi mpaka unaweza kunyolea ndevu hapo. Gari ilipofika nyumbani, ikakaa mwaka mmoja, ikaanza kufifia. Jumapili moja alfajiri, Mzee akiwa bado analala, Selpha alikoroga majivu kwa karai akaanza kuisugua. Alitaka waende kanisani na kitu cha kuonekana. Alikuwa amemaliza upande mmoja wakati Mzee alitoka nje, na wanawake wa kanisa walikuwa wameshafika langoni wakimngojea.

"Mjinga wewe!" Mzee alipiga kelele mbele yao wote. "Hii ni sufuria ya babako?"

Selpha aliweka gunzi chini, akanawa mikono, akafunga kitambaa, akaenda kanisani na miguu pamoja na hao wanawake. Hakuingia kwa hiyo gari tena. Mzee alikuwa anapita na Shevrole kila Jumapili, anapunguza mwendo, anaacha mlango wa nyuma wazi kidogo. Selpha anamsalimia vizuri, kama vile angesalimia mpita njia, na kuendelea kutembea. Mzee alikuwa anajiambia atasema kitu, labda Krismasi. Halafu homa ikaja ikamchukua Selpha kabla ya Krismasi.

"Inatoka?" Mzee aliuliza.

"Hizi? Zinatoka. Rangi imekuwa nyembamba hapa, lakini nitapiga na maji mengi, polepole. Naanzia wapi?"

"Anzia hapo hapo. Hapo ndipo aibu iko. Sitaki mtu azione tena."

Elphas alileta maji.

Kwa buti rangi ilikubali, nyeusi kabisa, kama maji ya kisima. Paul akanyunyiza maji kwa mlango wa mbele, akapaka dawa ya polishi, akawasha. Masini ilikuwa na kofia ya manyoya ya kondoo mbele, na ilinguruma kama nyuki ndani ya pipa. Ilipopita, duara zilipotea. Moja, kumi, zote. Mlango ukawa kioo, na ndani yake kukatokea mwanaume mzee amevaa tai.

Mzee alisogea karibu. Paul alikuwa ameshapeleka masini kwa mlango wa nyuma.

"Zima."

Masini ilikuwa na kelele. Paul hakusikia.

"Nimesema zima!" Mzee alishika waya akauvuta, na masini ikafa ikizunguka.

"Mzee, nimeharibu?"

Mzee alichuchumaa mbele ya mlango wa nyuma. Akaweka kidole kwa duara moja akaifuata, akakosea, akaanza tena kwa upande mwingine. Selpha alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

"Elphas," akasema. "Zile za mlango wa mbele, zinaweza kurudi?"

Elphas alikuwa na utani wa kila kitu. Alitafuta mmoja hapo, akakosa.

"Hapana, shemeji."

Paul alimaliza gari yote siku iliyofuata, isipokuwa huo mlango. Rosebella alipoiona aliweka mikono kiunoni. "Baba, hii gari imeoga ikasahau sikio! Watu wa bwana harusi watasema nini?"

"Kaa upande huo," Mzee akamwambia. "Nakuomba."

Jumamosi, na betri mpya, Shevrole ilisimama mbele ya kanisa, na watu walikuja kujiangalia kwa boneti. Mlango wa nyuma ulikuwa umefifia peke yake, duara zote wazi kwa jua. Wanawake walianza kuchekea mikononi.

"Walubengo, dawa iliisha?" mmoja akaita.

Mzee alitoka nje, akasimama karibu na huo mlango. Baadhi ya hao wanawake walikuwa pale langoni ile Jumapili.

"Hapa alisugua mama yake Rosebella," akasema kwa nguvu, wote wasikie. "Alisugua vizuri. Mimi ndiye sikujua kuangalia."

Kicheko kilikatika. Mama Nasambu, aliyekuwa akitembea na Selpha kila Jumapili, alikuja mpaka kwa gari, akapitisha kiganja juu ya duara, chini hadi juu, mpaka pale zilipoishia.

"Hayo ungemwambia yeye," akasema.

Halafu akafungua mlango, akainama, akamsaidia Rosebella kukusanya gauni ashuke. Mzee alibaki ameshika mlango, hata baada ya wote kuingia kanisani na nyimbo kuanza.