Kisanduku cha Nne

Aliyembishia mkuu wa idara hakudumu pale hospitalini. Daktari wa watoto alilijua hilo vizuri, ila siku ile ulimi ulimwasha.

Walikuwa wakiandaa mapitio ya tafiti zote kuhusu dawa ya maji ya kutuliza maumivu baada ya upasuaji. Ubaoni alichora visanduku vinne vya kujengea swali: wagonjwa gani, tiba gani, inalinganishwa na nini, matokeo gani. Vitatu vilijaa chapuchapu. Kwenye cha nne mkuu akasema, "Maumivu kupungua. Basi."

"Na kupumua, je?" Daktari aliandika neno hilo chini yake.

"Mama, tukiuliza kila kitu tutazeekea humu." Mkuu akalifuta kwa kiganja, akitabasamu.

"Tusipouliza, tafiti zinazotaja pumzi zitachujwa zote."

"Ndiyo kazi ya swali. Kuchuja."

Wenzake waliinamia viatu vyao. Daktari naye akanywea, akatia saini mpango wa mapitio.

Adhuhuri mdogo wake alipiga simu kutoka wodi ya chini, ambako mwanawe alikuwa ametolewa mafindofindo asubuhi.

"Dada, mpwa wako kalala fofofo! Kapewa ile dawa yenu tamu ya maumivu, kalamba mpaka kijiko. Leo hata hakoromi."

"Kifua kinapanda?"

"Si amelala tu?"

"Mwamshe! Mwamshe sasa hivi!"

Alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikamvuka. Alimkuta mdogo wake akimtekenya mtoto nyayo, kicheko kikimfia mdomoni. Mtoto hakujikunja. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Daktari alimvika barakoa ya hewa, akauminya mfuko, akauminya, akauminya, hadi mtoto akakohoa na kuangua kilio.

Alirudi juu kwa mkuu, akadai saini yake iondolewe.

"Mtoto mmoja si utafiti," mkuu alimwambia.

"Ni mpwa wangu."

"Pole sana." Alilisema kwa upole uliomtisha kuliko ukali.

Mapitio yalitoka bila jina lake. Malalamiko aliyopeleka yalipokelewa kwa shukrani, kisha kimya. Asubuhi moja akamwona muuguzi akisukuma toroli lenye chupa za dawa ileile kuelekea wodi ya wachanga.

"Unapeleka wapi hizo?"

"Tumeruhusiwa, daktari," muuguzi alijibu kwa furaha. "Wameandika wamepitia tafiti zote, na hawakukuta madhara yoyote."