Vidole vya Emery

Siku ya nne tangu Benita atoke maternité na mtoto mchanga, nyumba yao ya mtaa wa Bel-Air ilijaa mpaka viti vikaisha. Nilileta vinne kutoka kwangu, nikakaa karibu kabisa na mtoto nisipitwe na neno.

Mama Domitille, nyanya yake, mama yake Benita, alifungua kitenge, akakunjua mkono wa mjukuu. Vidole vyembamba, virefu mno.

"Munaona? Njo Emery," akasema. "Amerudia."

Emery ndiye mwanawe wa kiume, kaka yake Benita, aliyeanguka uwanjani na mpira mguuni, akafa hapo hapo, akiwa na miaka ishirini na sita. Mtaa ulisema amerogwa. Mimi nilisema zaidi, mpaka nikamtaja mjomba wake wa Kambove kuwa ndiye mchawi. Mzee yule hajakanyaga tena hapa.

"Huyu atapiga gita," akasema Chama, jirani mwenzangu.

"Ao ataiba nyama mu chungu bila kusimama," nikasema. Watu wakacheka.

Benita hakucheka. Alifuta miwani yake minene. "Tantine Laurentine, kuya tuweke chai."

Jikoni akafunga mlango.

"Macho yangu, vidole ya Emery, moyo ya Emery. Docta anasema yote inatoka ku kintu kimoja mu damu. Kilitoka kwa mama, kikatuingia miye na Emery. Kinarefusha vidole, kinaharibu macho, kisha kinaregeza mushipa mukubwa ya moyo mpaka inapasuka."

"Na mutoto?"

"Jana balimupima. Iko nayo."

"Dawa je?"

"Ya kupunguza mbio ya moyo. Inachelewesha tu."

"Ambia mama yako."

"Siwezi. Atajua ni yee njo alimupa Emery ile kifo. Umuambie weye, tantine. Weye neno haikushindake."

Nikabeba sinia. Sebuleni Domitille alikuwa akibusu vidole vile, kimoja kimoja.

"Jina tumeshapata," akasema. "Ni Emery. Nani anakatala?"

Vigelegele vikapigwa. Benita alisimama mlangoni, akinitazama mdomo. Nilijua neno lenyewe, nilijua hata pa kuanzia: pale kwa mjomba wa Kambove, niliyemchafua bure.

"Laurentine, unanyamaza?" Domitille akacheka. "Weye?"

Aliniwekea mtoto mapajani. Mkono mdogo ukashika kidole changu, vidole vikakizunguka, na urefu ukabaki.

"Emery," nikasema. "Jina muzuri."

Benita akachukua sinia, akaanza kugawa chai.