Bingwa wa Vidole Gumba

Faruku alirudi Kitangari kutoka Masasi mjini na sifa moja tu: hakuna aliyemshinda kwenye kibanda cha gemu. Miaka miwili kakaa huko kwenye benchi, akikimbiza magari ya kwenye runinga kwa vidole gumba viwili. Kijiweni kwetu, kijiwe cha wabeba maji wa pikipiki, wakampokea kama mtu aliyetoka kuhiji.

Mimi pikipiki yangu inabeba maji. Mwaka wa sita huu nateremka chemchemini, najaza madumu manne, napanda nayo kilima cha mchanga hadi kwa wateja. Ndiyo inayonilisha mimi na binti yangu Wema, na sina nyingine.

Kila mwaka msimu wa korosho ukiisha tunafanya mashindano ya maji. Kila kijiwe kinatoa mtu mmoja, anapanda kutoka chemchemini hadi uwanjani na madumu mawili yasiyo na mifuniko. Ukifika wa kwanza maji yakiwa yamemwagika, umefika bure. Safari hii zawadi ilikuwa pikipiki mpya, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuiota.

Mwenyekiti wetu wa kijiwe, Anderson, akaandika jina la Faruku.

"Mama Wema, huyu ni bingwa," akaniambia. "Ila chombo hana. Tumeamua umwazime chako."

"Mmeamua na nani?"

Wakacheka. Wakanikalisha kwa kinyozi, mbele ya runinga, wakanipa kile kidude cha kubonyeza nishindane na bingwa. Gari langu likagonga ukuta, na ukuta ukalirudisha barabarani kwa adabu, kama mgeni aliyekosea mlango. Nikawa wa mwisho.

"Umeona, mama?" Faruku akasema. "Kona ni kona."

"Na mzigo uko wapi? Mchanga je? Hii barabara yako kaifagia nani?"

Akatabasamu kwa kunihurumia. Pikipiki yenyewe alikuwa ameizoea kama abiria, na bado alinihurumia! Nilitaka kumzaba kibao. Anderson akanikumbusha kwamba zamu za chemchemini zinapangwa na kijiwe. Nikatoa ufunguo, na siku nzima nikajichukia.

Jumamosi asubuhi, siku ya mashindano, Faruku alinikuta chemchemini, amevaa glavu.

"Shikamoo, Mama Wema."

"Marahaba. Sikiliza. Mchangani usiguse breki ya mbele. Kaa nyuma, vuta mafuta taratibu, iache itambae yenyewe."

"Usihofu, mama. Kona kali kuliko hizi nimeshazila nyingi."

Alizila kweli, akiwa amekaa, na soda pembeni.

Washindani wakaachiwa. Alitoka wa kwanza, sikatai, na vigelegele vikapigwa. Akaingia kwenye kona ya mkorosho kwa mwendo wake wa runingani, akabana breki ya mbele. Pikipiki ikazamisha pua mchangani, mzigo ukaja mbele ukamsukuma mgongoni, akaruka. Hapo hapakuwa na ukuta wenye adabu. Palikuwa na kisiki, na pikipiki yangu ikakikumbatia. Rimu ya mbele ikapinda, shokapu zikavunjika zote mbili. Mzee Hamudi wa kijiwe cha sokoni akatupita kwa mwendo wa mtu anayekwenda shambani, maji yake hata hayatikisiki, akaenda kuchukua pikipiki mpya.

Nilikimbia hadi pale. Faruku alikuwa ameshasimama, amechubuka viwiko tu. Nikakishika kile chuma kilichopinda na machozi yakanitoka mbele za watu. Kesho alfajiri nyumba nane zingeningoja, na mtoto wangu angekula nini?

Bingwa akaitazama pikipiki, akautazama mlima, akanitazama mimi.

"Mama Wema," akasema, "naomba nianze upya."

Hakuwa anatania. Alisema kwa unyenyekevu kabisa, kama mtu anayeomba kitu ambacho kibandani hupewa kila siku. Waliokuwa karibu wakatazama chini, Anderson akiwa wa kwanza.

Nikafuta machozi. Nikaliokota dumu mchangani, nikalikung'uta, nikamtia mikononi.

"Anza," nikamwambia. "Chemchemi ile pale. Nyumba ya kwanza ni kwa Bi Swaumu, anataka manne kabla jua halijawa kali. Na kila alfajiri hivyo hivyo, mpaka pikipiki yangu itembee."

Dumu la pili nikampa mwenyekiti.