Dirisha la Kaskazini

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: mtu akijenga nyumba ya mawe, kuta zake nene kupita urefu wa mkono, kwa nini ukuta mmoja auache bila dirisha, bila hata tundu la kupitisha panya? Mgeni angesema mjenzi aliishiwa mbao. Kwetu huku, visiwa vya mwisho kaskazini mwa Ufilipino, hata mtoto anayetambaa analo jibu. Ukuta ule ni kipofu kwa sababu tufani hutokea upande ule, na tufani si mgeni wa kufunguliwa dirisha.

Nyumba ya Gorgonia ilikuwa na ukuta wake kipofu kama nyumba zote za kijijini, tangu baba mkwe wake alipouinua kwa mawe na chokaa. Mwaka jana mwanawe Delfin, aliyeko Manila, akaagiza utobolewe. Basilio, mwashi wetu, aliikataa kazi ile palepale. Alisema heri akachunge mbuzi. Basi wakaletwa mafundi wa mjini na mashine yao ya kukatia mawe, vumbi likatanda mpaka kanisani, wakafungua dirisha la kutosha kupitisha kitanda cha watu wawili, wakatia kioo kimoja kizima kilichokuja na meli. Delfin alitaka watalii walale chali kitandani waione bahari bila kuinua shingo.

Na wageni walikuja, sikatai. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akahamia jikoni. Jiko letu ni kijumba cha peke yake uani, na humo ndimo Gorgonia na mkwewe Fermina walimolala mwaka mzima, katikati ya kuni na vikapu vya viazi vikuu, moshi ukiwaingia puani, huku shuka nyeupe zikiwasubiri wengine kule nyumba kubwa.

Fermina ndiye mke wa Delfin. Mumewe alikwenda Manila kutafuta maisha, akayapata, akasahau kurudi nayo.

Asubuhi ile redio ilitangaza ishara ya tufani namba nne. Fermina hakuhitaji redio. Tangu jana kereng'ende walikuwa wamejaa uani wakiruka chini chini, ng'ombe wameteremka wenyewe bondeni bila kuswagwa, na bahari ilinguruma kwa mbali kama mtu anayekoroma nyumba ya pili. Anga lilikuwa limegeuka manjano, manjano ya kiini cha yai. Upepo haukuwapo kabisa. Mkungu wa ndizi ulioning'inia mlangoni haukutikisika.

Akafanya yanayofanywa. Aliwafunika kuku kwa tenga na kuwaingiza ndani wakipiga kelele. Alijaza maji kwenye ndoo, kwenye masufuria, hata kwenye birika la chai. Akachemsha viazi vikuu vya siku kadhaa, akashusha mtungi wa nyama ya nguruwe iliyogandishwa ndani ya mafuta yake, akapangusa vumbi la kifuniko kwa kiganja. Vyote akavihamishia nyumba kubwa, maana jiko si mahali pa kungojea tufani. Kila alipoingia chumbani macho yalimkimbilia kwenye kile kioo. Bahari yote ilikuwa pale, imejaa fremu, kama inachungulia nani yumo.

Kabla ya adhuhuri likasikika baragumu la kombe, na wanaume wa kikundi cha kusaidiana wakaanza kupita nyumba hadi nyumba kufunga mapaa. Sisi paa letu ni la nyasi, nene, na siku kama hizo hutandikwa wavu wa kamba juu yake, ncha zikafungwa kwenye mawe yaliyotobolewa na kupachikwa ukutani. Hakuna anayelipwa. Leo kwako, kesho kwangu. Fermina hakukosa zamu hata moja, alibeba nyasi za watu kichwani mpaka shingo ikakakamaa, kwa hiyo kwake walikuja.

"Hodi hodi, Mama Delfin!" Basilio aliita toka juu ya ngazi. "Huna hata kahawa? Au kahawa siku hizi ni ya watalii tu?"

"Kahawa ipo, funga mdomo kwanza, halafu funga paa," Gorgonia akamjibu kutoka kwenye kiti chake.

Wanaume walicheka. Walivuta kamba, wakazikaza mpaka zikalia. Kazi ilipokwisha Basilio hakuteremka moja kwa moja. Alizunguka upande wa kaskazini, akasimama mbele ya dirisha, akakigonga kioo kwa kidole kama mtu anayepima tikiti maji.

"Mama Delfin," alisema aliporudi, na safari hii hakuwa na mzaha. "Wavu nimefunga, lakini kwa tundu hili nimekuvisha shanga tu. Upepo utavunja hiki kioo, utaingia ndani, utatafuta pa kutokea. Hautatokea mlangoni. Utatokea juu, na paa lako. Mawe yapo, yaleyale waliyoyatoa wale mabwana wa mashine, yamelala pale nyuma ya zizi. Chokaa ninayo. Watu ninao. Sema neno tu."

Huku kwetu mtu hagusi ukuta wa mwenziwe bila neno la mwenye nyumba. Hata ukiona unabomoka, utapiga hodi. Na mwenye nyumba ni Gorgonia.

Gorgonia aliinamisha macho kwenye mikono yake. "Delfin amesema tupigilie plaiwudi. Fermina anayo ndani."

"Plaiwudi!" Basilio aligeuka kwa wenzake. "Mmesikia? Tufani itafika hapa, itaona plaiwudi, itasema samahani nimekosea njia."

Hakuna aliyecheka sana.

"Ukiziba kwa mawe," Gorgonia alisema, "kioo kitakuwaje?"

"Tutakitoa. Kikikubali, tutakilaza majanini. Kisipokubali kitavunjika, na kitakuwa kimevunjika mikononi mwa watu, si usoni mwako."

"Ngoja kwanza nizungumze na mwanangu."

Basilio alivaa kofia yake ya majani. "Napanda kwa wale wajane wa juu, nikifunge na kile kibanda chao. Nitarudi kwa njia hii hii. Nikipita hapa uwe na neno. Nikishapita, Mama Delfin, naingia kwangu na wanangu, na mlango nitaugongea misumari. Sitatoka hata ukiniita kwa jina la ubatizo."

Wakaondoka. Ndipo upepo wa kwanza ukapita, mdogo tu, ukageuza majani ya viazi yakaonyesha tumbo jeupe.

Fermina alishika ile plaiwudi akaiweka juu ya kioo ajaribu. Haikutosha. Pembeni palibaki uwazi wa upana wa kiganja, na mbao yenyewe ilipinda akiikandamiza kwa goti.

"Mama," alisema, "hebu njoo uone."

"Nimeona."

"Hujaona, umekaa. Njoo uone mwanao alivyopima toka Manila."

"Usimseme mume wako hivyo."

"Mume wangu!" Fermina aliiacha plaiwudi ikaanguka. "Mume wangu akipiga simu haulizi Fermina hajambo. Anauliza shuka zimefuliwa? Choo kinavuta maji? Wale Wakorea waliandika maneno mazuri? Mimi ni mfanyakazi wake, Mama, na wewe ni mlinzi. Tofauti yetu na mlinzi ni kuwa mlinzi hupewa kibanda chake."

Gorgonia alinyamaza. Alikuwa mwanamke wa ulimi mkali, kijiji kizima kilimjua. Ulimi wake uliwahi kumkimbiza hata mtoza michango wa kanisa. Kunyamaza kwake kulimkera Fermina kuliko matusi.

"Ulipoulizwa na wale mafundi," Fermina akaendelea, "nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Walikuuliza, mama, tutoboe? Ungesema hapana wangefunga mashine yao wakaondoka. Ukasema toboeni. Nyumba ya mumeo, marehemu, aliyoizibia nyufa kwa mikono yake. Kwa nini?"

"Nipe maji."

Fermina alimpa. Bibi yule alikunywa polepole, akafuta mdomo kwa pindo la sketi yake, akaitazama bahari kupitia kile kioo. Mstari mweusi ulikuwa umejichora kule mbali, mnene, na ulikuwa ukipanda.

"Kabla ya dirisha," alisema, "Delfin alikuwa anapiga simu lini?"

Fermina aliokota plaiwudi.

"Nakuuliza wewe. Lini?"

"Krismasi."

"Krismasi. Na ile nyingine alisahau, akapiga mwaka mpya, akasema laini zilijaa. Sasa anapiga kila Jumapili. Haulizi hali yangu, najua, mimi si mjinga. Anauliza shuka. Lakini namsikia. Nasikia akikohoa, nasema ah, ana mafua. Nasikia gari linapita nyuma yake. Ukiliziba lile tundu, binti yangu, Jumapili nitasikiliza nini?"

 Fermina alikuwa na rundo la uchungu alilolikusanya kama kuni za masika, na sasa aliona kumbe mwenzake analo lake, kubwa zaidi, na amelilalia kimya jikoni humo humo, hatua mbili kutoka mkeka wake.

"Sasa paa likienda?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui," Gorgonia alisema. "Sijui, mwanangu."

Mvua ikaanza, si ya kushuka bali ya kulala, ikipigwa ubavuni. Kioo kilitoa mlio mwembamba. Kuku wakanyamaza wote kwa pamoja. Na simu ikaita.

Fermina alibonyeza, akaiweka sauti ya wazi, maana Gorgonia husikia kwa shida.

"Haloo? Mama? Mmeweka plaiwudi?"

"Haitoshi," Fermina alisema.

"Haitoshi vipi? Nilipima. Wekeni hata godoro. Sikilizeni, kuna kundi limeshalipia mwezi ujao, wanataka chumba kile kile. Msije mkamruhusu yule mzee Basilio aguse kile kioo na chokaa yake. Namjua. Watu wa huko mnaabudu mambo ya kizamani, upepo ukivuma kidogo mnajenga ngome."

"Unavuma kidogo? Uko wapi wewe?"

"Fermina, usianze. Mpe Mama."

"Mama anakusikia."

Nje sauti za watu zilikuwa zikiteremka kilimani. Basilio alitokea mlangoni, maji yakimtiririka kofiani, wenzake wameinama nyuma yake, kila mmoja ameshika ukuta. Alilazimika kupiga kelele.

"Mama Delfin! Neno!"

"Nani huyo?" Delfin akauliza. "Ni Basilio? Mama, mwambie aende zake. Mama? Unanisikia? Kioo bado kizima?"

Gorgonia aliinuka. Ilimchukua muda, kwanza mkono mmoja kwenye kiti, kisha wa pili kwenye bega la Fermina. Alitembea hadi mbele ya lile dirisha, akasimama karibu nalo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu kioo. Fermina alimfuata na simu, ameishika kwa mikono miwili. Ukuta ulitetemeka. Nyasi za paa zilivutwa juu, zikarudi, zikavutwa tena, na kamba zikalia.

"Kizima," Gorgonia alisema.

"Afadhali. Basi msi—"

"Basilio!" aliita bila kugeuka. "Leta mawe. Kivunje."

Basilio hakungoja kuambiwa mara mbili. Wakasikika wakikimbilia nyuma ya zizi.

"Mama! Mama, unafanya nini? Unajua kioo kile nilivyokipata? Wageni nitawaambia nini? Nyumba ni yako, sawa, lakini ulikubali mwenyewe! Walikuuliza, ukasema toboeni! Si ulilitaka hili dirisha?"

Gorgonia aliichukua simu mkononi mwa Fermina. Aliisogeza karibu na mdomo kama mtu anayempulizia mtoto uji wa moto.

"Sikulitaka, Delfin. Bahari nimeiona tangu nizaliwe, imenichosha. Wageni sikuwataka. Nilikutaka wewe. Nilitaka urudi ukae hapa ndani na mke wako, tungoje tufani sote, kuta zote zikiwa zimezibwa."