Kasuku Aliyesikia

Kasuku yule hakuwa na haya hata chembe. Mzee mwenye nyumba, sasa marehemu, alipokuwa hai, ndege alikohoa kikohozi cha mzee, akaiga mlango unavyolia, akaiga cherehani ya mkewe, fundi wa nguo, mpaka wateja wakadhani fundi yuko kazini kumbe kaenda sokoni. Watu walicheka mbavu zikawauma. Baada ya maziko hakuna aliyecheka tena.

Maana sasa aliyezungumza ndani ya tundu alikuwa marehemu. Fundi akikata kitambaa mezani, sauti ya mumewe ilimjia kutoka dirishani, ile ile yenye mkwaruzo: "Bibie, chai imepoa." Mkasi ukamponyoka. Aliogopa, na papo hapo akatamani aisikie tena, kwani miaka thelathini na moja ya ndoa haifutiki kwa wiki mbili.

Wiki ya tatu kasuku akazua jipya. Aliiga cherehani, kisha akaita kwa sauti ya marehemu: "Bibie, njoo. Kifua." Cherehani tena. Halafu sauti ya kike, ya mtu aliyebana pini mdomoni: "Nakuja!" Na cherehani ikaendelea, ikaendelea, kama mtu anayeshona upindo wa gauni la harusi.

Fundi alikaa chini sakafuni. Mnaijua hiyo "nakuja" yetu. Anayeisema ndiyo kwanza anajiweka sawa kitini. Naye msibani aliwaambia ndugu wote kwamba mzee alipitiwa na usingizi asiamke, hakutamka neno. Tangu siku hiyo, kila mgeni alipobisha hodi, tundu lilifunikwa shuka.

Alasiri moja akaja wifi yake, dada wa marehemu.

"Wifi, nimemkumbuka kaka mpaka silali. Niazime huyo ndege, hata siku mbili tu."

"Ndege mwenyewe anaumwa, wifi."

"Anaumwa nini, na namsikia anakwaruza humo ndani? Jamani, hata sauti unaninyima!"

Akaivuta shuka mwenyewe.

Kasuku alipepesa macho kwenye mwanga, akaanza. Cherehani. "Bibie, njoo. Kifua." Wifi aliangua kilio, kwa uchungu na kwa furaha ya kumsikia kaka yake. Kisha ikaja ile "Nakuja!" na mshono usiokwisha. Kilio kikakatika.

"Ulikwenda saa ngapi?" aliuliza taratibu.

"Nilimaliza upindo kwanza." Fundi aliinamisha uso kwa aibu. "Alikuwa akiniita kila mara, wifi. Nilidhani ni kile kikohozi chake tu, anataka maji. Tafadhali, mchukue. Mchukue leo hii, si kwa siku mbili tu, mchukue moja kwa moja."

Wifi alijitanda mtandio wake upya. Akalishika tundu kwa mikono miwili, akalitazama, akaliachia.

"Hapana," alisema. "Aliyeitwa ni wewe."

Akatoka, na mlango akauacha wazi.